Aliyetuanulia Mtaa Mzima

Habari za msiba zilinikuta Bunda, nimesimama kando ya barabara na hindi la kuchoma mkononi, nalipuliza kwa sababu mwenye jiko alikuwa amenipa moja kwa moja kutoka motoni kana kwamba ananikomoa. Simu ilitoka Musoma, kwa mama mmoja niliyewahi kupanga naye ua mmoja miaka hiyo kabla sijaoa. "Jirani, umekaa au umesimama?" aliuliza. Nikamwambia nimesimama. "Basi tafuta mahali ukae." Pale nikae wapi? Nikaegemea nguzo ya umeme. Ndipo aliponiambia kwamba yule baba wa pale mwambani ametutoka alfajiri, kwamba ni kifua ndicho kilichomsumbua, na kwamba kesho yake wangemsafirisha kwenda kumzika kwao Butiama. Mama huyu akilia huficha kilio chake kwa kukohoa. Siku ile alikohoa sana, kisha simu ikakatika, nami nikabaki na hindi ambalo sikulila tena.

Jina lake sitalitaja. Mnaonisoma mnajua kwamba ukurasa huu hautaji watu, na safari hii nina sababu ya ziada: marehemu ana watoto, na watoto wanastahili kulia bila kuangaliwa na wasomaji wa gazeti. Wala hakuwa rafiki yangu, nisije nikajipachikia urafiki wakati mwenyewe hayupo wa kunikana. Alikuwa jirani. Lakini tangu simu ile ninamwona kila nikifumba macho, na kila ninapomwona ni asubuhi ya saa nne, jua limeshapanda, mtaa mtupu, upepo wa ziwa unazichezea kanga kwenye kamba za nguo, na yeye anatembea taratibu katikati ya vitu vya watu vilivyoanikwa, mtoto mgongoni. Ndiyo, mgongoni, kafungwa kwa kanga, na aliyembeba ni mwanaume mzima wa Mara! Watu walicheka mpaka wakachoka. Yeye hakuacha kumbeba mtoto wake, wao wakaacha kucheka.

Alikuwa mvuvi wa dagaa. Asiyejua aelewe kwamba dagaa huvuliwa usiku, kwa taa, siku za giza. Mbalamwezi ikikomaa wavuvi hulala majumbani. Kwa hiyo kazi yake ilimtaka awe ziwani saa zilezile ambazo mtoto huamka akilia. Hilo halikuwa tatizo mkewe alipokuwa hai. Mke akafariki, mtoto wa tatu akiwa hajaota jino hata moja. Baada ya matanga ndugu walikaa kikao uani kwake, nami nikakaribishwa kwenye kona ya benchi, maana kwetu jirani hafukuzwi kikaoni hata kama hana la kusema. Kaka yake, ambaye watoto walimwita baba mkubwa, alikuja kutoka Butiama na mpango uliokamilika. Msichana mkubwa aende kwa shangazi yake Bunda. Mvulana aende naye Butiama, kuna ng'ombe na kuna shule. Kichanga kiende kwa bibi. Aliyasema hayo kwa upole, na wote tuliokuwa pale tuliona anasema jambo la maana, kwa sababu ndivyo ilivyozoeleka.

"Hawagawanywi," alisema yule baba.

"Sasa mura, mdogo wangu, utavua saa ngapi na utabembeleza saa ngapi?" kaka yake akamuuliza.

"Sivui tena."

Hata kuku waliokuwa wakiparura karibu na jiko niliwasikia.

"Mwanaume akae nyumbani? Akae tu?"

"Nikae nao. Nipe mpaka mavuno, kaka. Ukija ukakuta wana njaa, wachukue wote. Sitakushika mkono."

Yule kaka akasema haya, mpaka mavuno. Kikao kikaisha hivyo. Na sisi tuliorudi nyumbani kwetu siku ile, nasema ukweli, tulikuwa tukimhurumia, na katika mioyo yetu tulikuwa tumeshawagawa wale watoto.

Siku hizi ukifungua simu tu unakutana na watu wanaowafundisha wazazi wanaokaa nyumbani namna ya kujiongezea kipato. Tengeneza sabuni. Oka keki. Piga batiki, uziweke kwenye status. Sina ugomvi nao. Mke wangu mwenyewe alijaribu sabuni, tukaiogea wenyewe mwaka mzima. Lakini mafunzo yao yote huanza kwa kukuuliza una ujuzi gani na una mtaji gani, na yule baba angejibu yote mawili kwa kutikisa kichwa. Ujuzi wake ulikuwa ziwani na ziwa ameliacha. Mtaji ulikwisha hospitali na kwenye jeneza. Alichobaki nacho ni kwamba yeye yupo. Asubuhi akina mama wakiteremka sokoni Mwigobero kwenye samaki, walimu wakienda shule, mafundi wakienda kwenye saiti na sisi wa ofisini tukifunga tai zetu, mtaa wote ulibaki bila mtu mzima isipokuwa yeye.

Ilianza na mama mmoja, huyuhuyu anayekohoa. Nyuma ya nyumba ya yule baba kuna mwamba mpana uliolala chali, na akina mama walizoea kuanika hapo: dagaa walionunuliwa alfajiri mitumbwini, makopa ya muhogo, mtama. Wingu la mvua pale Musoma hupenda kutokea upande wa Butiama, mchana, wakati kila mtu yuko kazini. Dagaa wakinyeshewa wameharibika. Kwa hiyo wingu likionekana, mama hufunga meza yake sokoni na kupanda mlima mbio, na siku nyingine akifika mvua imemtangulia. Siku hiyo yule mama alimpigia kelele kutoka njiani, "Baba! Mvua ikija nianulie dagaa zangu, nitakujaga kukushukuru!" Mvua ikaja. Akaanua. Jioni mama akampimia kopo moja la dagaa kama shukrani, watoto wakala.

Wiki iliyofuata walikuwa akina mama kadhaa. Halafu mwingine akaleta sufuria ya maharage, kwamba jiko lake yule baba si linawaka kutwa, basi amwangalizie yasiungue. Halafu ufunguo wa mwalimu, ili mwanawe akirudi shule saa saba asikae kibarazani kama mgeni. Halafu nguo zangu, kwa sababu hata mimi nilichoka kuvaa shati lililonyeshewa na kukaushwa mara ya pili. Hapakuwa na mkataba wala kibao. Mwisho wa wiki kila mmoja alitoa alichokiona kinafaa, huyu fedha kidogo, huyu unga, huyu kipande cha sangara, na kile kilichozidi matumizi ya watoto yule baba alikiuza. Nikimuuliza kazi inakwendaje alikuwa akisema, "Kazi gani, jirani? Mimi nipo tu." Lakini alisema hivyo akitabasamu, na nadhani alikuwa akijua vizuri alichokuwa anakiuza.

Nilikuja kuujua mtaa wetu vizuri mwaka ule niliposhikwa na malaria nikalala nyumbani siku kadhaa. Ni ajabu mtu kuishi mahali miaka na asijue panakuwaje mchana. Nilikuwa nimelala na dirisha wazi, homa inapanda na kushuka, na kila kitu kilinijia kutoka mbali, nusu usingizi nusu ukweli. Mwanga ulitembea ukutani polepole. Maharage yalichemka kwenye masufuria mengi, kila moja na mlio wake. Harufu ya dagaa ilikuja na kuondoka na upepo. Na sauti ya yule baba ilizunguka humo kutwa nzima, haikupanda kamwe: anamwambia binti yake ashuke kwenye ule mwamba, anamuimbia kichanga wimbo usio na maneno, anawapokea watoto wa shule mmoja mmoja, "Umerudi? Kaptula umeifanyaje? Haya, nawa mikono." Kila mtoto aliulizwa kitu. Nililala pale nikajiona nami ni mtoto niliyerudi kutoka mahali, na machozi yalinitoka, ingawa homa ilihusika pia. Mchana aliniletea uji, akauweka kwenye stuli, akatoka.

Sasa nifike kwenye siku ya mchanga. Mavuno yalikuwa yamekwisha, na kaka yake alikuwa ametuma ujumbe kwamba anakuja. Yule baba alikuwa na wasiwasi mpaka tukauona. Alifagia ua ambao tayari ulikuwa umefagiliwa. Mchana wingu likatokea, jeusi na la haraka. Kuna dagaa wanaokaushwa kwenye chanja au juu ya nyavu safi, hao ni wa kuliwa na watu. Na kuna wanaomwagwa chini mchangani, wakikauka wanakuwa na mchanga wao, na hao huuzwa kuwa chakula cha kuku. Kila mtu wa Mwigobero anajua kwamba hawa na hawa hawakutani. Siku ile alikuwa na dagaa wa akina mama watatu, wawili wa chanja na mmoja wa mchanga, kichanga kinalia mgongoni, maharage yanafurika, matone ya kwanza yameshadondoka. Akakusanya kila kitu akakitupa kwenye turubai moja, akalivuta ndani. Hakuna hata dagaa mmoja aliyelowa. Ila walikuwa wamechanganyika wote, lundo moja.

Akina mama walipofika, loo! "Baba umeniua! Zangu zinakwenda mezani kwa watu, sasa utaniambia nikalishe kuku?" Mwingine akasema, ndiyo maana kazi hii si ya mwanaume, na neno hilo lilimwingia, kwa sababu lilikuwa ndilo neno alilokuwa akiliogopa siku zote. Wangeacha kumletea vitu, na kaka yake yuko njiani. Mimi nilikuwa nimerudi mapema nikayasikia yote nikiwa mlangoni kwangu. Hakujitetea. Alisema tu, "Mmesema kweli. Kaeni, tuchambue." Akatandika mikeka, akamwaga lile lundo katikati, akawa wa kwanza kuketi.

Wakakaa, wamenuna. Dagaa wa chanja ana mng'ao, wa mchanga amefifia na mara nyingi kichwa kimekatika, kwa hiyo inawezekana kuwatenganisha, ila ni kazi ya macho na vidole na muda mrefu. Mvua ikanyesha juu ya bati. Hasira ni kitu kigumu kukishikilia huku unachambua dagaa. Baada ya muda mmoja akaanza kusimulia vituko vya wanunuzi wa sokoni, mwingine akacheka bila kutaka, na mwingine, mwanakwaya, akaanza kuimba taratibu wakampokea. Nikaingia na mimi nikachambua, vibaya, wakanifukuza nikapepee jiko. Kichanga kilipita kutoka paja hili kwenda paja lile mpaka kikasinzia kwa yule aliyekuwa amekasirika kuliko wote.

Hivyo ndivyo kaka yake alivyotukuta. Aliteremka kwenye bodaboda na gunia la mahindi, akasimama langoni, kofia inachuruzika maji, akatazama. Sijui alitarajia kuona nini. Alikaribishwa, akapewa maji ya kunawa, akawekewa ugali wa muhogo na dagaa, na bahati mbaya au nzuri dagaa hao walitoka kwenye lile lundo. Alitafuna mara moja akasita. Wote tulisikia mlio wa mchanga.

"Shemeji zangu," alisema akitutazama mmoja baada ya mwingine, "hizi dagaa mnazipikaga na ufukwe wake?"

Tulicheka mpaka kichanga kikaamka. Kicheko kilipopungua, yule mama wa kukohoa akaweka chini kiganja chake cha dagaa akasema, na sasa hakuwa akicheka: "Baba mkubwa, tunajua ulichokuja kukifuata. Usituchukulie hawa watoto. Ukiwachukua, huyu atarudi ziwani. Na sisi nani atatuanulia?" Mwingine akadakia kwamba mwanawe akitoka shule anapita hapa kwanza. Yule aliyesema kazi si ya mwanaume alikuwa bado na mtoto pajani na hakuonyesha dalili ya kumtoa. Baba mkubwa aliendelea kula, akitema mchanga pembeni kwa adabu. Alipomaliza alinawa, akamwita mdogo wake nje wakaongea kidogo chini ya michirizi ya bati, kisha akapanda bodaboda akaenda zake. Gunia aliliacha. Watoto aliwaacha. Yule baba aliporudi ndani alijaribu kuendelea kuchambua lakini akawa anawatupa wa mchanga kwenye lundo la chanja, na akina mama wakajifanya hawaoni.

Miaka ikapita namna inavyopita. Mimi nikaoa, nikahamishiwa Bunda. Mtaa ule umebadilika; kuna kuta ndefu, mageti, na wengine wanaweka mbwa mahali alipokuwa mtu. Hata hivyo niliambiwa kwamba akina mama wa mwambani hawakuacha kumletea vitu vyao mpaka alipoanza kukohoa. Najiuliza ni lini tuliamua kwamba nyumba yenye mtu mchana ni nyumba ya mtu aliyeshindwa. Tukijaza fomu, mzazi anayelea anaandikwa hana kazi. Tukitambulishana kwenye sherehe tunasema, "Huyu yeye yuko tu nyumbani," na tunaharakisha kwenda kwa mgeni wa pili. Mtu huyo akiondoka, ndipo tunagundua mvua ilikuwa ikinyesha siku zote na sisi tulikuwa hatujui.

Nilikwenda Butiama kumzika. Kaka yake sasa ni mzee kweli, macho yameingia ukungu. Baada ya maziko ndugu walibaki chini ya turubai, na sote tulijua kikao kinahusu nini, kwa sababu wakubwa wawili wanajitegemea lakini yule aliyekuwa kichanga bado yuko sekondari. Nilimwona amesimama pembeni ya nyumba na begi mgongoni. Nilidhani ni begi la safari ya kutoka Musoma. Shangazi yake akaninong'oneza kwamba hapana, safari hiyo aliimaliza jana. Nguo zake zote amezipanga upya asubuhi hii, daftari za shule juu, ili atakayeambiwa amchukue asimsubiri. Mtoto hajalia tangu msiba utokee, akasema. Anasubiri kuambiwa anakwenda wapi.

Mzee akasaidiwa kusimama. Alisema kwa sauti ndogo, tukalazimika kusogea. "Mdogo wangu alikaa nyumbani na watoto wake. Mimi hapa sijawahi kukaa, nilikuwa na ng'ombe, nilikuwa na vikao. Kuna mwanaume hapa aliyewahi kukaa?" Wanaume tukatazama viatu vyetu. "Basi hatuna cha kugawa. Nyumba ile ya Musoma isifungwe." Mtu mmoja, kwa nia njema kabisa, akauliza sasa nani atakuwemo. Binti mkubwa, ambaye ni fundi wa nguo huku Bunda, akasimama na mwanawe mkononi. "Mimi nimesharudi, baba mkubwa. Cherehani inabebeka. Wateja watanikuta nyumbani, na mdogo wangu akitoka shule atanikuta nyumbani." Akaketi. Yule msichana wa begi alilivua, akaliweka chini kwenye vumbi, na ndipo alipolia, kwa sauti kubwa, mpaka akina mama wa Musoma wakamzunguka.

Somo nililotoka nalo Butiama halihitaji semina. Kuwepo ni kazi. Ina wateja, inachosha, inalisha watoto, na anayeifanya anastahili kulipwa na kuheshimiwa angali anasikia. Nimeliandika hapa ili na mimi lisinitoke.

Jumatatu sikwenda ofisini. Niliomba ruhusa, nikakaa nyumbani, nikachemsha maharage, nikaanika nguo na kuziangalia zinavyokauka. Saa saba mwanangu akarudi kutoka shule, akasukuma mlango, akanikuta nimesimama ndani na mwiko mkononi. Hakufurahi. Uso ulimbadilika, akashusha mkoba taratibu, akauliza kwa sauti ya mtu anayejiandaa kwa habari mbaya:

"Baba, wamekufukuza kazi?"